Sababu na Lawama

Kitu kinapokwenda kombo, maswali mawili hubisha hodi mioyoni mwetu. Moja huuliza, Nini kimelileta jambo hili? La pili huuliza, Nani amelileta? Maswali haya ni ndugu, lakini tabia zao ni mbalimbali. La kwanza hutembea polepole, hutaka vipimo, hutaka mashahidi, na mara nyingi hurudi nyumbani jioni mikono mitupu. La pili lina mbio. Hutazama ni nani aliye karibu asiye na wa kumtetea, likamshika. Na kwa kuwa hilo la pili hufika mbele, watu wengi hulipokea na kulikalisha katika kiti ambacho kilikuwa haki ya mwenziwe.

Nataka kukueleza, msomaji, habari ya gari moja lililotetemeka, kisha tufikiri pamoja kama mtu ana haki ya kumlaumu mwenziwe kwa jambo ambalo chanzo chake hakijajulikana. Usishangae ya kuwa swali la maadili linatafutwa chini ya gari. Mimi nilifundishwa maadili kwa miaka miwili katika chuo cha ualimu, nikafaulu mtihani wake. Walakini sikumbuki kama somo lile lilinishika chuoni kwa nguvu kama lilivyonishika siku niliyolala chali juu ya gunia, vumbi limenijaa usoni, nikitazama tairi likizunguka.

Mjomba wangu hukaa Milimani, mtaa wa Nakuru ulio upande wa kupandia Menengai, mahali ambapo mtu akisimama barazani huweza kuliona ziwa likimetameta kule chini. Kazi yake ni kununua viazi Molo na kuviuza Naivasha. Kwa miaka tisa alifanya kazi hiyo kwa gari kuukuu ambalo kila mlango wake ulikuwa na namna yake ya kufunguliwa. Hatimaye alichukua mkopo katika chama cha akiba na mikopo, akanunua pikapu mpya, nyeupe, yenye harufu ya dukani. Neno "mpya" lina kiburi kidogo ndani yake. Mwenye kununua kitu kipya huamini ya kuwa amenunua na raha pamoja nacho. Raha hiyo ikikosekana, huona ameibiwa, wala hapitiwi na wazo kwamba huenda hakuna mwizi.

Gari lilitetemeka. Mjini, ambamo sheria yataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, lilikuwa tulivu kama maji ya mtungini. Likishika njia kuu ya kwenda Gilgil, mshale wa mwendo ukafika 85, kiti kilianza kutikisika. Ukifika 95, kioo cha kutazamia nyuma kililifanya kila gari kuwa mawili. Ukipita 105 mtetemo ulipungua, kama mgeni aliyechoka kugonga mlango. Basi mwendo ule ule uliofaa kwa safari ndio uliokuwa na maradhi.

Watu walisema. Muuzaji alisema ya kuwa pikapu huundwa kwa springi ngumu ili zibebe mizigo, na zikiwa tupu ni desturi yao kurukaruka. Neno hilo lina kweli ndani yake, ila gari la mjomba lilitetemeka hata likiwa na magunia kumi. Fundi wa matairi aliyapima magurudumu yote kwa mashine, kazi ambayo mafundi huiita kubalansi. Akabandika vipande vidogo vya risasi palipopungua uzito, na wiki ya pili akarudia kazi yote bila malipo. Alisema magurudumu ni mazima, ubovu ni wa barabara. Jirani mmoja, mstaafu aliyeendesha malori zamani, alitikisa kichwa akasema, "Huyo kijana wako ameligonga shimo, akakuficha."

Katika kauli hizo tatu mjomba alichagua ya tatu. Nimefikiri sana kwa nini. Haikuwa na ushahidi zaidi ya nyingine. Ilikuwa na ushahidi mdogo kuliko zote. Lakini muuzaji alikuwa na afisi na karatasi zenye mihuri. Fundi alikuwa na mashine inayotoa tarakimu. Dereva, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa na neno lake tu. "Mzee, mimi sijaligonga shimo lolote," alisema, na kadiri alivyorudia ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo, kwa maana mtu anayekana mara tatu hushukiwa kuliko anayekana mara moja. Mjomba alimjibu kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi naipenda sana lugha yetu na hekima yake. Hata hivyo methali hiyo, ikishikwa vibaya, huweza kumhukumu mtu yeyote kwa jambo lolote. Wazee hawakutuachia methali ili zifikiri badala yetu.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Ilikuwa likizo ya Aprili. Mjomba aliniita nimwandikie barua, kwa kuwa kwetu mwalimu ni karani wa ukoo mzima. Barua yenyewe ilikuwa ya kumwachisha kazi dereva mwisho wa mwezi, na kumkata nusu ya mshahara kwa ajili ya hasara. Niliketi mezani nikaandika anwani, tarehe na salamu. Nikaandika, "Umeachishwa kazi kwa sababu," na kalamu ikasimama.

Tafadhali jaribu, msomaji, kuimaliza sentensi hiyo. "Kwa sababu umeligonga shimo." Nani aliliona shimo hilo? Liko wapi kati ya Molo na Naivasha? "Kwa sababu gari linatetemeka." Lakini gari si yeye. "Kwa sababu inasemekana." Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kweli, na hakuna mtu mwenye haya awezaye kuitia katika maandishi. Tunasema "kwa sababu" mara mia kwa siku, na mdomo huivuka kama mtu avukavyo daraja bila kutazama chini. Kalamu haina wepesi huo. Nilimwomba mjomba anipe gari, dereva na siku moja tu. Alinitazama kama mtu anayeombwa mkopo, kisha akanipa Jumapili.

Hatukuwa mafundi, mimi na yule kijana. Tulikuwa na jeki, spana ya magurudumu, chaki, rula, kigoda, msumari mrefu, na simu yangu ambayo, kama simu nyingi za siku hizi, ina chombo kidogo cha kuhisi mtikisiko na programu ya kuuhesabu. Tulikuwa na jambo moja zaidi: tulikubaliana kutomtaja mshukiwa yeyote mpaka tumempa nafasi ya kujitetea.

Barabara ilikuwa ya kwanza. Tuliazima gari la rafiki yangu, dogo na la zamani, tukalipitisha kati ya Nakuru na Gilgil kwa mwendo wa 95. Lilipiga kelele za kila namna isipokuwa ile tuliyoitafuta. Tukalipitisha na pikapu mahali pale pale, kwenda na kurudi: ikatetemeka pande zote mbili. Barabara ikaachiliwa huru.

Ikafuata injini. Dereva aliendesha kwa kilomita 95 akiwa katika gia ya tano, kisha kwa mwendo ule ule katika gia ya nne. Injini ilizunguka kwa haraka zaidi na sauti yake ikapanda, ila mtetemo haukubadilika hata kidogo. Kama injini ingekuwa chanzo, mtetemo ungeifuata. Badala yake uliufuata mwendo wa gari.

Sasa nakuomba uvumilie hesabu kidogo, kwa maana hapa ndipo uchunguzi ulipopata macho. Tulitia alama ya chaki kwenye tairi na chini, tukalisukuma gari mpaka alama ya tairi ikarudi chini tena, tukapima: mita 2 na sentimita 25. Gari likienda kilomita 95 kwa saa, huenda mita 26 na zaidi kidogo kwa kila sekunde. Gawanya kwa mzunguko wa tairi, utapata ya kuwa gurudumu huzunguka karibu mara 12 kwa sekunde. Ule mhimili mrefu uendao nyuma chini ya gari, ambao mafundi wetu huuita propela, nao tuliutia chaki. Gari liliposukumwa hata gurudumu likazunguka mara moja, propela ilizunguka mara nne na ushei. Kwa hiyo kwa mwendo ule wa safari propela huzunguka kama mara 48 kwa sekunde. Injini, kwa kuisoma saa yake, ilizunguka kama mara 42. Basi kila mshukiwa alikuwa na hatua zake. Tukaiweka simu juu ya sakafu ya gari, tukaenda tena Gilgil, ikahesabu: mtikisiko mkuu ulikuwa mara 12 kwa sekunde.

Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo kwa jibu la kugawanya. Sakafu ya gari ilikuwa imetuambia ya kuwa anayeitikisa ni mwenye hatua kumi na mbili, na mwenye hatua hizo ni gurudumu peke yake. Propela ikatoka, injini ikathibitishwa mara ya pili kuwa haimo.

Yakabaki magurudumu manne, ambayo fundi alikwisha kuapa mara mbili ya kuwa ni mazima. Mtetemo ulisikika katika kiti zaidi kuliko katika usukani, dalili ya kuwa ubovu uko nyuma. Tulihamisha magurudumu ya nyuma yakaja mbele, na ya mbele yakaenda nyuma, tukatoka: usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwa dereva, na kiti kikatulia. Mshukiwa alikuwa amehama pamoja na magurudumu. Tukaweka gurudumu la akiba mahali pa lile la mbele kulia; mtetemo ukabaki. Jua lilikuwa linashuka na kijana akashauri tubadilishe mawili kwa pamoja tuokoe wakati. Nilikataa. Ukibadilisha mambo mawili na ugonjwa ukapona, umepata nafuu lakini umepoteza habari, kama mwanafunzi anayenakili jibu sahihi la jirani yake. Tulirudisha gurudumu la kulia, tukatoa la kushoto, tukalitia la akiba mahali pake, tukashika njia mara nyingine. Kwenye 85 tulinyamaza. Kwenye 95 kioo kilionyesha lori moja nyuma yetu, moja tu, na nambari yake ikasomeka.

Gurudumu lile tulilirudisha Milimani, tukalifunga tena mahali pake na kuinua gari kwa jeki. Tukakisogeza kigoda chenye msumari mpaka ncha ikakaribia uso wa tairi, nikalala juu ya gunia, kijana akalizungusha kwa mkono. Tairi liliukaribia msumari, likauacha, likaukaribia tena. Tofauti ilikuwa milimita 3. Magurudumu mengine, tulipoyapima vivyo hivyo, hayakufika hata milimita 1. Kisha tukausogeza msumari kwenye ukingo wa ringi ya chuma. Huko haukutofautiana: chuma kilikuwa mviringo kamili, hakina pindo wala alama ya pigo. Kilichokosa umbo ni tairi lenyewe. Tairi huweza kutoka kiwandani hivyo, au kuharibika kwa kusimama mahali pamoja muda mrefu likiwa limebeba uzito.

Labda utauliza, Kwa nini gari lilitulia mjini? Fikiri mtoto katika pembea. Ukimsukuma bila kufuata mwendo wa pembea yake, hatikisiki sana. Ukimsukuma kila anaporudi, kidole kimoja chatosha kumpandisha juu. Ekseli ya gari, ikiwa juu ya matairi yake na chini ya springi zake, nayo ina mapigo inayoyapenda. Kwa kilomita 50 tairi bovu liliisukuma kama mara sita kwa sekunde, nayo haikujali. Kwa 95 liliisukuma karibu mara kumi na mbili, ikaitikia. Kwa mwendo uliozidi pale msukumo uliwahi mno, ikaanza kuupuuza tena.

Na fundi je, alisema uongo? Hapana, na jambo hili ndilo lililonifikirisha kuliko yote. Chukua ubao wenye umbo la duara lililobanwa ubavuni, utoboe katikati hasa, uning'inize kwenye msumari. Utazunguka hewani bila kuelemea upande wowote, kwa kuwa uzito wake umelingana pande zote. Sasa uviringishe chini: utaruka kila nusu mzunguko. Mashine ya fundi hulizungusha gurudumu hewani na kuliuliza swali moja tu, Je, uzito wako umelingana? Gurudumu lilijibu kweli, Ndiyo, umelingana. Hakuna aliyeliuliza, Je, wewe ni mviringo? Fundi alitoa ushahidi wa kweli kwa swali aliloliuliza, sisi tukauchukua kuwa jibu la swali tulilokuwa nalo. Sidhani kama kuna kosa la akili linalotendeka mara nyingi kuliko hili, wala sidhani kama linawapata wajinga tu. Watu wenye mashine na tarakimu hulitenda kwa urahisi zaidi, kwa sababu tarakimu huwanyamazisha wenye kuuliza.

Tulipokuwa tukikusanya spana, kijana alitoa mfukoni kijitabu chake cha kuandikia mafuta na safari. Alinionyesha ukurasa wa kwanza. Gari likiwa na kilomita 140 tu tangu litoke dukani, alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Linatetemeka likifika 90. Nimemwambia mzee." Nilimwuliza kwa nini hakukitoa kijitabu hicho mbele ya mjomba. Akasema, "Mwalimu, hakuna aliyeniuliza nimeandika nini. Waliniuliza nimegonga wapi."

Hapo nilimkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka wa 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, akiwa kidato cha tatu, Mpemba alitia maziwa ya moto yenye sukari katika jokofu bila kungoja yapoe, maana nafasi ilikuwa inakwisha. Maziwa yake yaliganda kabla ya maziwa ya mwenziwe yaliyotiwa bila kuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu wake sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dr Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja shuleni kuzungumza na wanafunzi. Wenziwe walimcheka. Osborne mwenyewe hakuliamini jambo hilo. Walakini alikwenda kulijaribu, na mwaka wa 1969 yeye na Mpemba walilitolea makala pamoja. Nakuomba uangalie ya kuwa hata leo wataalamu hawajapatana. Mwaka wa 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, waliandika ya kuwa walipopima kwa uangalifu hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi kuganda. Je, hilo lampunguzia Osborne heshima? Mimi naona halimpunguzii kitu. Haki aliyomtendea Mpemba haikutegemea Mpemba awe amesema sawa. Ilikuwa haki tangu alipolichukua neno la kijana kuwa jambo la kupimwa.

Mjomba, nilipomwonyesha msumari na kijitabu, alipinga kama mfanyabiashara mzuri apingavyo. Alisema, "Na katika hizo kilomita 140 hakuweza kuligonga shimo?" Aliweza. Mtu yeyote aweza mambo mengi. Nikamjibu ya kuwa ukingo wa ringi ni mzima, naye akasema labda pigo lilikuwa dogo. Nikaona tumefika mahali ambapo vipimo haviwezi kutupeleka mbele, na lililobaki ni swali la haki peke yake: ni nani anayedaiwa uthibitisho? Tukimtaka mshitakiwa athibitishe ya kuwa hakutenda, hapana mtu duniani atakayepona, kwa kuwa mambo ambayo mtu hakuyatenda hayana mwisho wala hayaachi alama. Nikamwambia, "Mjomba, wewe ndiwe unayedai. Nionyeshe shimo." Alinyamaza, akaomba chai.

Sitaki udhani ya kuwa nashangilia ushindi. Nimejiuliza, na wewe ujiulize: kama tungeikuta ringi imepindika, ningeimalizia sentensi ile? Siku ile pengine ningeimaliza, na leo ningejuta. Ringi iliyopindika ingetuambia ya kuwa gari lilipigwa. Isingetuambia kama shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua, kama kijana alikuwa akimkwepa mtoto, au kama aliliona akapuuza. Kutoka kwenye sababu hadi kwenye lawama kuna mto mwingine wa kuvuka, na watu hudhani wamekwisha kuuvuka wanapofika kwenye sababu. Wakati mwingine hata ng'ambo ya mto huo hakuna mtu. Tarehe 10 Juni 2000, daraja jipya la waenda kwa miguu lilifunguliwa juu ya mto Thames, London. Likayumba kwa umati uliolipanda, likafungwa baada ya siku mbili. Wahandisi walipolichunguza waliona ya kuwa mwendo mdogo wa daraja kwenda pembeni uliwafanya watu wabadili hatua zao ili wasianguke, na hatua hizo zikalizidishia daraja mwendo. Walitia vyombo vya kuzuia mtikisiko, likafunguliwa tena Februari 2002. Ni yupi kati ya wale maelfu aliyelitikisa?

Kuna hoja moja ninayoiheshimu zaidi. Mtu atasema, Maisha ni mafupi, mkopo una riba, na si kila mwenye gari ana mwalimu aliye likizoni. Mjomba angeweza kununua matairi manne mapya Jumatatu asubuhi, mtetemo ukaisha, kazi ikaendelea. Ni kweli, ungeisha. Lakini fikiri nini kingefuata. Dereva angeachishwa kazi mwisho wa mwezi, matairi yangebadilishwa wiki ile ile, gari lingetulia, na jirani angesema barazani, "Mnaona? Tangu kijana yule aondoke gari limepona." Kila mtu angeitikia. Kupona kwa gari kungekuwa ushahidi dhidi yake, ushahidi ambao angeubeba kila aendako kuomba kazi, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angejiona mwongo. Tiba bila ujuzi yaweza kuondoa maumivu. Walakini huliacha jina la mtu palepale lilipotupwa.

Muuzaji alilibadilisha tairi baada ya siku tisa, bila kukiri lolote na bila kukana lolote. Mjomba naye hakumwambia kijana neno la kuomba radhi. Alimwambia tu, "Kesho tuamke mapema, twende Molo." Shangazi anasema kwa mzee wa tabia yake huo ndio msamaha, na niridhike. Sijaridhika. Lawama ilisemwa kwa sauti, mbele ya majirani, saa za mchana; kwa nini kufutwa kwake kuwe kwa kunong'ona? Nimemwambia hivyo mara mbili, kwa adabu, na nadhani nitamwambia tena Desemba.

Barua ile ya kwanza haikwisha. Usiku wa Jumapili ile niliandika nyingine kwenda kwa muuzaji, na sentensi yake haikunisumbua: tunaomba tairi hili libadilishwe, kwa sababu lilipozungushwa mbele ya msumari lilitofautiana milimita 3, na gurudumu jingine lilipowekwa mahali pake mtetemo ulikoma. Mjomba alitia sahihi. Chini yake niliacha mstari wa shahidi, nikamsogezea kijana kalamu. Akaisoma barua yote tangu juu, polepole, kisha akaandika jina lake kamili.